Bolingi ya Simu: Hukumu Iko kwenye Mpira au kwenye Sarafu?



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, tangu muhula huu uanze, swali lililoulizwa mara nyingi zaidi katika darsa letu la fiqhi halikuhusu mirathi wala talaka. Lilihusu bolingi. (Wale wa upande wa mpakani wanaosikia Kilingala wameshacheka vya kutosha. Tunasema bolingi, si bolingo.) Mchezo huu wa simu umeingia hosteli zetu za Arua na umefika Koboko, na kamati ya likizo ikapendekeza mashindano kati ya wanafunzi wa miji hii miwili. Wengine wakasema ni haramu kwa kuwa ni pumbao, wengine wakasema ni halali kwa kuwa ni mpira tu. Nilipewa kazi ya kufuatilia maneno ya wanazuoni na kuyaleta kwenye darsa, na makala hii ni matokeo ya kazi hiyo. Mimi ni mwanafunzi, si mufti. Nimetaja yaliyosemwa na wenye elimu, na penye rai yangu mwenyewe nimesema kuwa ni rai yangu.

Wanazuoni wa usuli wanatufundisha kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Basi tuanze kwa kuufahamu mchezo wenyewe.

Mchezo ni nini

Bolingi ya kweli huchezwa kwenye ukumbi wenye njia ndefu nyembamba ya mbao. Mwishoni husimamishwa vigingi kumi vilivyopangwa pembetatu, ambavyo sisi tumezoea kuviita chupa kwa sababu vinafanana na chupa. Mchezaji anaviringisha mpira mzito ili aziangushe. Mchezo mmoja una fremu 10, na kila fremu una mipira miwili. Ukiziangusha zote kwa mpira wa kwanza hiyo ni straiki: unapata 10 pamoja na jumla ya mipira miwili itakayofuata. Ukizimaliza kwa mpira wa pili ni speya, nayo unapata 10 na mpira mmoja unaofuata. Kwa mfano, umepiga straiki, kisha fremu ya pili ukaangusha 7 halafu 2. Fremu ya kwanza inakuwa 19, na ukijumlisha ya pili unafika 28. Alama za juu kabisa ni 300, na hazipatikani ila kwa straiki 12 mfululizo.

Mimi sijawahi kushika mpira wa bolingi maishani, na nadhani wengi wetu ni hivyo hivyo. Dunia nzima watu wengi wameujua mchezo huu kupitia skrini. Mwaka 2006 Nintendo walitoa Wii Sports, na mtu akawa anatupa mkono sebuleni kwake na mpira unakwenda kwenye televisheni. Leo kwenye simu hata mkono hautupwi: unatelezesha kidole, na mwelekeo wake na kasi yake ndivyo vinavyoamua mpira uende wapi. Mchezo mmoja unamalizika kwa dakika chache.

Hiyo ndiyo bolingi. Lakini programu tulizo nazo kwenye simu zina zaidi ya bolingi. Zina sarafu, zina meza za kuwekeana sarafu, zina gurudumu la bahati, zina matangazo. Hapo ndipo watu wanapochanganya, kwa sababu mmoja anahukumu mpira na mwenzake anahukumu sarafu, na wote wanadhani wanazungumzia kitu kimoja.

Je, kila pumbao ni batili?

Wanaokataza huanza na hadithi ya Uqba bin Aamir (r.a.), iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ambayo maana yake ni kuwa kila anachojipumbaza nacho mtu ni batili isipokuwa kurusha mshale, kumfundisha farasi wake na kucheza na mke wake. Hadithi hii ni hoja nzito na haifai kuipita kwa haraka.

Imam Ghazali aliijibu katika Ihya. Alieleza kuwa neno batili hapa halimaanishi haramu, bali kisicho na faida. Na ukitazama hadithi nyingine utaona ushahidi wake. Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) siku ya Idi, naye akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) huku akiwatazama mpaka akatosheka mwenyewe, Bukhari na Muslim wameipokea. Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake na marafiki zake wakija kucheza naye nyumbani kwa Mtume. Alishindana naye mbio, akamshinda, kisha baadaye yeye akashindwa. Na sahaba Handhala (r.a.) alipolalamika kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu anapokuwa na mkewe na watoto hali ya moyo wake hubadilika, alijibiwa kuwa kuna saa hii na kuna saa ile.

Kwa hiyo pumbao lisilo na faida kubwa halitoki moja kwa moja kwenye mubaha. Lakini naomba tusiikimbilie hadithi ya Handhala kama tunavyoikimbilia hosteli. Yeye alilia kwa kuogopa saa chache alizokuwa na familia yake. Hakuwa anatafuta ruhusa.

Dadu na sataranji

Sasa tufike kwenye kipimo chenyewe. Wanazuoni waliotutangulia hawakuijua bolingi ya simu, lakini walikuwa na michezo miwili mikubwa mbele yao: nardi, ambayo huchezwa kwa dadu, na sataranji.

Kuhusu nardi, Imam Muslim amepokea kutoka kwa Buraida (r.a.) hadithi inayomfananisha mwenye kuicheza na mtu aliyechovya mkono wake kwenye nyama na damu ya nguruwe. Kwa hadithi hiyo, wanazuoni walio wengi wameiharamisha nardi hata bila fedha. Kuhusu sataranji walitofautiana. Imam Nawawi ametaja katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kuwa Imam Malik na Imam Ahmad waliiharamisha, na kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi ni makuruhu, si haramu.

Kwa nini Mashafi walizitenganisha? Wanafiqhi wao wa baadaye wameliweka jambo hili katika kanuni: mchezo ambao mshindi wake hupatikana kwa hesabu na fikra haufanani na ule ambao mshindi wake hupatikana kwa kubahatisha. Sataranji ni fikra. Dadu ni bahati: unairusha na kungojea ikuambie utembee hatua ngapi.

Kanuni hii ina mfano kila kona ya Arua. Pita kwenye stendi yoyote ya bodaboda saa nane mchana wakati abiria hakuna. Utakuta ubao wa ludo umewekwa juu ya kiti cha pikipiki au juu ya kreti, watu wanne wamekaa na wanane wamesimama. Ludo inakwenda kwa dadu. Kwa kanuni hii ludo imesimama upande wa nardi, na ukiongeza ile mia tano inayowekwa chini ya ubao, hakuna hata haja ya kubishana. Ajabu ni kwamba wapo ndugu wanaoona ludo ni mchezo wa nyumbani usio na neno kwa kuwa tumekua nao, na bolingi ni hatari kwa kuwa imekuja na simu. Kwa kipimo cha wanazuoni mambo ni kinyume kabisa.

Kwa nini nasema bolingi iko upande wa ustadi? Kwa sababu kidole kinafundishika. Niliwatazama wachezaji wa hosteli yetu kwa wiki mbili kabla sijaandika. Kuna ndugu mmoja, mwanafunzi wa ualimu, ambaye amejua ni wapi pa kuanzisha mpira ili uingie pembeni mwa chupa ya mbele badala ya kuipiga katikati, maana ukiipiga katikati kabisa mara nyingi zinabaki mbili zimesimama mbalimbali na huwezi kuzifikia zote. Huyu anashinda leo, anashinda kesho, anashinda keshokutwa. Kwenye ludo sijamwona bingwa wa namna hiyo. Anayeshinda asubuhi ndiye anayefukuzwa jioni.

Bila shaka programu inaweza kuwa imetiwa ubahatishaji kidogo ndani yake ili chupa zisianguke namna moja kila mara. Lakini hata mshale una upepo wake. Kinachotazamwa ni kile kinachotawala matokeo.

Kwa hiyo bolingi yenyewe, ikichezwa dhidi ya kompyuta au na rafiki bila kuwekeana kitu, ni mchezo wa mubaha, na anayetaka kuichukulia kama sataranji ataiweka kwenye makuruhu. Sheikh Yusuf al-Qaradawi alipozungumzia sataranji katika kitabu chake cha halali na haramu, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1960, aliiruhusu kwa masharti matatu: isicheleweshe swala, isiingie kamari, na mchezaji auchunge ulimi wake. Mwenye kukaa na wachezaji wa bolingi saa tano usiku atajua kuwa hilo sharti la tatu halikuwekwa bure.

Sarafu zilizomo ndani

Sasa fungua programu yenyewe. Zipo zinazokuruhusu kucheza mazoezi tu, na zipo ambazo ukitaka kucheza na mtu lazima uingie kwenye meza. Meza ya kwanza kila mmoja anaweka sarafu 100, ya pili 500, ya juu maelfu. Mshindi anazoa zote. Aliyeshindwa anatoka mikono mitupu, na sarafu zikimwishia anasubiri za bure za kesho au ananunua kwa salio la simu.

Wanazuoni wameieleza kamari kuwa ni kila mchezo ambao kila mmoja anauingia akiwa kati ya kupata na kulipa: ama atachukua cha mwenzake, ama chake kitachukuliwa. Umbo la meza hii ni umbo hilo hilo. Linalobaki ni swali: je, sarafu hizi ni mali?

Ndugu wengi hujibu haraka: sarafu za mchezo si mali, huwezi kuzitoa ukanunulia hata chapati. Jibu hili ni sahihi kwa sarafu za aina moja tu, zile zinazotolewa bure, hazinunuliwi na haziuzwi. Hizo ni kama alama za mchezo, na sioni kuwa kuzipoteza ni kupoteza mali. Lakini pale ambapo sarafu 1,000 zina bei ya shilingi, na wewe umezilipia kwa pesa ya simu, huwezi tena kusema hazina thamani. Umezitolea thamani yake jana usiku. Unapoziweka mezani unaweka ulichokinunua, na mwenzako akishinda amechukua kilichokutoka mfukoni.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili yanayofanana. Kama sarafu zingekuwa kiingilio tu, yaani unalipa sarafu 100 kwa mwenye programu ili ucheze na haziendi kwa mchezaji yeyote, hiyo ingekuwa ujira wa huduma, kama kulipia uwanja wa kuchezea mpira. Ubaya umeingia pale sarafu za aliyeshindwa zinapokwenda kwa aliyeshinda.

Kisha kuna wanaouza akaunti. Mtu anacheza miezi mitatu, anakusanya sarafu nyingi, halafu anamuuzia mwenzake akaunti nzima. Tangu siku anayokusudia kuiuza, hata zile sarafu za bure zimekuwa mali kwake, na kila meza anayokaa inakuwa meza ya kamari. Rai yangu ni kwamba mwanafunzi wa Kiislamu aziache meza hizi zote, za bure na za kununua, na acheze sehemu ya mazoezi. Najua wapo watakaosema nimekaza. Lakini mkono unaozoea kuweka na kuzoa sarafu za bure unajifunza tendo, na vibanda vya kubeti mjini viko wazi mpaka usiku. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2016 kuhusu bahati nasibu na michezo ya kubahatisha hairuhusu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, ambao ndio sisi wengi wa chuo. Waliotunga sheria hiyo hawakuwa wakifuata Qur'ani, lakini waliyaona yale yale.

Gurudumu la bahati nalo nitalipita kwa ufupi. Mzunguko wa bure wa kila siku si kamari kwa sababu huna cha kupoteza. Mzunguko wa kulipia ni kununua usichokijua kwa kubahatisha, na huo haufai. Mzunguko wa kutazama tangazo unakula bando lako, na mara nyingi tangazo lenyewe ni la kampuni za kubeti. Muziki unazimwa kwenye mipangilio.

Mshindwa analipa

Baadhi ya wasomaji watasema: sisi hatuchezi na watu wa mtandaoni, tunapeana simu moja chumbani, na hakuna sarafu. Vizuri. Lakini kuna desturi moja tuliyoichukua kutoka kwenye meza za puulu.

Wa Koboko wanaijua vizuri. Meza ya puulu iko barazani kwa mwenye duka, mchezo mmoja una bei yake, na watu wawili wanacheza kwa makubaliano kwamba mshindwa analipa. Wanasema hii si kamari kwa sababu mshindi hapokei hata shilingi, pesa yote ni ya mwenye meza. Maneno haya yanaingia akilini kirahisi, na nimeyasikia hata kwa watu wanaoswali safu ya kwanza.

Yatazame tena kwa kipimo cha kupata na kulipa. Wachezaji wawili wametumia meza, kwa hiyo wote wawili wanadaiwa ujira. Kila mmoja angelipa nusu yake, hapana tatizo, ni ukodishaji. Mmoja angejitolea tangu mwanzo kulipia wote, ashinde au ashindwe, ni ukarimu. Walipokubaliana kuwa deni la wote litamwangukia atakayeshindwa, kila mmoja ameingia akiwa ama atacheza bure kwa mfuko wa mwenzake, ama atalipa mara mbili. Mshindi hakupokea noti mkononi, ni kweli, lakini deni lake limelipwa na mtu mwingine kwa sababu ya mchezo. Hiyo ni faida ya kamari hata ikipita mlango wa nyuma.

Na bolingi ya chumbani imechukua sura hii hii. Anayeshindwa ananunua bando. Anayeshindwa analipia chai na chapati za watu wote. Anayeshindwa anapeleka simu kuchajiwa kibandani. Mambo ni madogo, na ndiyo maana hayashtui. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa mwenye kumwambia mwenzake njoo nicheze nawe kamari, basi atoe sadaka. Mtu huyo bado hajacheza. Amealika tu, na tayari ametakiwa kutoa kafara ya neno lake. Basi vipi yule anayealika kila usiku baada ya chakula?

Mtu akitaka chai iwepo, utaratibu ni rahisi. Kila mmoja achangie chai kabla, na mshindi na mshindwa wanywe sawa.

Mashindano na mfuko wa hisani

Nimefika kwenye pendekezo la kamati, ambalo ndilo lililotufanya tufungue vitabu. Mpango wa kwanza ulikuwa hivi: kila mshiriki atoe shilingi 5,000. Nusu ya fedha iende kwa mshindi wa kwanza na wa pili, na nusu iende kununua sabuni, madaftari na chakula cha familia za wakimbizi wa Lobule, kule Koboko. Nia ilikuwa njema, na sina shaka na hilo. Aliyependekeza ni dada yetu ambaye mwenyewe hujitolea kufundisha watoto huko.

Hapa ndipo nilipopata faida kubwa zaidi katika kusoma kwangu. Nilidhani kamari ya Waarabu wa zama za ujahili ilikuwa kama hii tunayoiona mjini, ya kugombania pesa. Wafasiri wanaeleza kuwa walikuwa wakichinja ngamia, wakamgawa mafungu, wakavuta mishale iliyotiwa alama kuamua nani apate fungu na nani alipe gharama, na wengi wao waliopata nyama hawakuila. Waliwagawia maskini, na walijifaharisha kwa hilo. Mtu asiyeshiriki walimwona bahili. Kumbe kamari yao ilikuwa na mfuko wa hisani!

Ukijua hivyo, aya ya 219 ya Suratul Baqara inafunguka. Mwenyezi Mungu hakusema kuwa ulevi na kamari havina manufaa yoyote. Alikiri kuwa vina manufaa kwa watu, kisha akabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Na katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, kamari ilipoharamishwa moja kwa moja, sababu zilizotajwa hazikuwa hasara ya fedha. Zilikuwa ni uadui na chuki kati ya watu, na kuzuiwa na dhikri na swala. Maskini wa Makka na Madina walikuwa wanakula nyama ile, na bado ikaharamishwa.

Basi elfu tano tano za washiriki zikikusanywa na baadhi yake kurudi kwa mshindi, kila mshiriki yumo kati ya kupata na kupoteza. Fungu la wakimbizi halilisafishi fungu la mshindi.

Tulipoyaleta haya kwenye kamati hapakuwa na utulivu. Ndugu mmoja alisema tunaua mashindano na tunawanyima watu wa Lobule kwa ajili ya elfu mbili na mia tano. Dada aliyependekeza alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo lilitusaidia kuliko maneno yetu yote: kama watu wanataka kweli kutoa kwa ajili ya Lobule, kwa nini wasitoe bila kusubiri mtu ashinde?

Utaratibu uliokubaliwa ni huu. Kushiriki ni bure. Sanduku la Lobule linawekwa mlangoni, anayetaka anatia, asiyetaka hatii, na hakuna anayeandika majina. Zawadi inatoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Koboko ambaye hashiriki.

Hata hili la zawadi lina maneno. Ipo hadithi ya Abu Huraira (r.a.) inayobana malipo ya mashindano katika mishale, ngamia na farasi, na wanafiqhi wengi wa zamani waliishika kwa ukali, kwa sababu hayo matatu yalikuwa maandalizi ya jihadi. Bolingi si maandalizi ya chochote. Baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wameruhusu zawadi katika michezo ya mubaha ikiwa imetolewa na mtu wa nje, kwa kuiona kuwa ni hiba isiyo na kamari ndani yake. Kamati ilichukua kauli hii. Mimi moyo wangu unaelekea kwa waliobana, na niliomba angalau zawadi isiwe fedha. Ikaamuliwa iwe misahafu na vitabu, na washiriki wote wapate kitu. Aliyesema tunaua mashindano ndiye wa kwanza kujiandikisha.

Maghrib ya West Nile

Limebaki la wakati. Katika masharti yote, hili ndilo linalovunjwa na watu ambao hawajawahi kuweka hata sarafu moja.

Kwetu huku Maghrib inaingia karibu na saa moja jioni, dakika chache baada ya Kampala kwa kuwa sisi tuko magharibi zaidi. Kisha Isha inaingia baada ya saa moja na kidogo. Huo ndio mwanya wote, na ndani yake kuna swala, chakula, na kwa wengi wetu ndio wakati simu imetoka kuchajiwa. Mchezo wa dakika nne una ujanja wake: kila mara unajiona una nafasi ya mmoja zaidi. Sinema ya saa mbili mtu anaiogopa kuianza kabla ya Isha. Bolingi haogopi. Michezo 10 ni dakika 40, na ndani ya dakika 40 msomaji wa kawaida anamaliza juzuu nzima au anakaribia.

Kwa hiyo ratiba ya mashindano imepangwa kuanza baada ya Asri na kufungwa nusu saa kabla ya Maghrib, fremu ya mtu iwe imekwisha au haijaisha.

Wale watakaosafiri kwenda Koboko kwa fainali wameshaniuliza kama watapunguza na kukusanya swala njiani. Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55 kwa barabara ya lami. Umbali wa kupunguza swala katika madhehebu ya Shafi unakadiriwa na wengi kuwa zaidi ya kilomita 80, kwa hiyo safari hii haiufikii. Atakayeshuka kwenye taksi Koboko saa kumi ataswali Asri rakaa nne kamili, kama aliyebaki hosteli. Wenyeji wametuahidi maji ya udhu na mikeka.

Wallahu a'lam.